Nimechaguliwa safari ya mafunzo Berlin, lakini mwaka jana watatu walinyimwa viza. Mama alipe au tusubiri?

#1 Binti Nanyamba
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili, nasoma ualimu wa historia na jiografia kwenye chuo kimoja hapa Mtwara. Tumechaguliwa kumi na wawili kwenda Berlin, Ujerumani, wiki tatu mwezi wa tisa. Tutasoma na wanafunzi wa chuo mwenyeji, na siku kadhaa tutashinda kwenye makumbusho alipo yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) aliyechimbwa Tendaguru, Lindi. Tiketi na malazi ni juu ya wenyeji. Sisi tunachangia 1,800,000 kabla ya tarehe 30 mwezi wa sita, na fomu imeandika kabisa kwamba hairudishwi.

Yananinyima usingizi mambo matatu. Mwaka jana walichaguliwa kumi, watatu wakanyimwa viza na hela yao ikapotea. Kila mtu hapa chuoni ana sababu yake, hakuna mwenye uhakika. Pili, sina pasipoti, na cheti changu cha kuzaliwa jina la baba ni Selemani, kitambulisho cha taifa cha NIDA wameandika Suleiman. Tatu ndiyo linaloniumiza zaidi. Mama hana hela sasa hivi, mikorosho haijatoa hata ua. Kuna mtu kijijini amemwambia atampa yote milioni na laki nane, amlipe kwa korosho msimu ukifunguliwa. Jana usiku mama alinipigia: "Sasa mwanangu, wanaitaka lini?" Sikumjibu. Nikasema mtandao unakata.

Naombeni msaada wenu.

#2 Kaka wa Chikongola
Hongera sana mdogo wangu. Kwenye viza sina ujuzi, wapo watakaokuja. Hilo la kijijini lina jina lake, ni kangomba. Usikubali. Nakaa hapa kusoma.

#3 Shangani Mashariki
Hao watatu mimi nina uhakika ni taarifa ya benki. Yalinikuta mwenyewe mwaka 2019, nilikuwa naenda semina ya wiki mbili Ubelgiji. Akaunti yangu inasoma elfu arobaini, elfu kumi na tano, elfu nane. Siku nne kabla ya miadi kaka akaniwekea milioni tano, nikaona mambo yamekwisha. Nikanyimwa. Anayesoma faili lako anajiuliza hela imetokea wapi ghafla, na kesho itarudi kwa nani.

Mara ya pili nikapeleka taarifa ya akaunti ya kaka mwenyewe, miezi mitatu, mshahara unaingia na kutoka, na barua yake kwamba ananidhamini. Nikapita. Kwa hiyo mama akichukua hiyo hela akaiweka kwenye akaunti yako kwa mkupuo, umejifunga mwenyewe.

#4 Dada wa Ligula
Shangani, kwenye hili sikubaliani nawe. Mmoja wa hao watatu nilikaa naye chumba kimoja. Akaunti yake haikuwa na shida. Yeye yalikuwa majina. Cheti cha kuzaliwa Hadija, cheti cha kidato cha nne Khadija, barua ya chuo Hadija tena. Alikuwa na hati ya kiapo, ila ya Kiswahili tupu, hakuitafsiri. Nilimwona aliporudi Dar, alikaa kitandani na begi mgongoni mpaka magharibi.

Mleta uzi, Selemani na Suleiman malizana nayo kabla ya kitu kingine chochote.

#5 Mwalimu Ndanda
Nimewahi kusindikiza wanafunzi nje mara mbili, nieleze ninayoyajua.

Kunyimwa viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, hakuachi mtu gizani. Unapewa fomu maalumu yenye orodha ya sababu, na iliyokuhusu inatiwa alama. Kwa hiyo badala ya kubishana, watafuteni hao watatu waonyeshe karatasi zao.

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, zamani ilikuwa 80. Lakini kanuni za viza za Ulaya zinasema mwanafunzi anayekwenda kwa masomo au mafunzo, pamoja na mwalimu anayemsindikiza, halipi ada hiyo. Kama 1,800,000 yenu ina kipengele cha "ada ya viza", ulizeni kwa heshima. Barua ya chuo itamke wazi kuwa safari ni ya mafunzo na wewe ni mwanafunzi wao, la sivyo dirishani watakuhesabu kama mtalii.

Bima ya safari ni lazima, iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, ijumuishe matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, hata kwa maiti. Kadi ya NHIF, bima yetu ya afya, haina kazi huko. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Hizo siku 15 msizizoee, ndiko watu wanakoumia.

#6 Fundi Salfa
Naacha viza, naongea na mama.

Mwaka niliomwoza binti yangu nilichukua laki tatu mwezi wa saba. Tulikubaliana kilo moja elfu moja, ina maana kilo 300. Mnada ulipofunguliwa bei ilikuwa zaidi ya mara tatu ya hiyo. Jamaa alikuja na mizani yake asubuhi na mapema, kabla sijapeleka hata gunia moja AMCOS, chama chetu cha ushirika. Tulipima mpaka adhuhuri. Alipoondoka mke wangu alikuwa amekalia gunia tupu, akaniuliza ada ya mdogo wake binti itatoka wapi. Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Sasa laki nane juu ya milioni moja piga hesabu mwenyewe. Hapo mama ameuza msimu mzima kabla ya kupuliza dawa. Halafu biashara yenyewe imekatazwa. Akidhulumiwa hana pa kwenda kushtaki, kwa sababu na yeye ataonekana mkosaji.

#7 Binti Nanyamba
Mzee Fundi Salfa, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Mama ana mikorosho kama sitini, na mingine ni ya bibi, imezeeka. Ahsante kwa kusema hadharani.

Mwalimu, fomu yetu haina mchanganuo, ni jumla tu. Nitauliza.

#8 Mpiga Ngalawa
Wote mnakwepa sababu halisi. Wanaogopa hamtarudi. Kijana wa miaka 22, hana mke, hana kazi, hana kiwanja, ndiyo kwanza anaomba pasipoti. Unadhani watampa? Binamu yangu alikuwa na hela, majina yote yako sawa, akakataliwa.

#9 Shangani Mashariki
Mpiga Ngalawa, kama ni hivyo wale saba wa mwaka jana walipitaje? Nao walikuwa vijana, hawana viwanja.

#10 Mpiga Ngalawa
Bahati ipo, kaka.

#11 Dada wa Ligula
Faili la viza tusilifanye la bahati, tutamkatisha tamaa mtoto wa watu. Nia ya kurudi inaonyeshwa kwa karatasi: barua ya chuo kuwa yuko mwaka wa pili na masomo yanaendelea mwaka unaofuata, barua ya mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), tiketi ya kurudi. Mwenye mkopo wa HESLB na masomo ya kumalizia ana sababu nzuri ya kurudi.

#12 Mkanaledi Stendi
Tukirudi kwenye pasipoti, maana bila hiyo yote haya ni maneno. Mimi nilipata ya kwangu hapahapa Mtwara. Unajaza fomu mtandaoni, unapewa namba ya malipo, jumla ni 150,000, unachapisha fomu, unapeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pamoja na vyeti. Watataka cheti chako cha kuzaliwa, namba ya NIDA, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Wazazi wetu wengi hawana vyeti, hapo ndipo inapoingia hati ya kiapo. Wanataka pia ushahidi wa safari, kwa hiyo barua ya mwaliko kutoka Ujerumani ichukue nakala mapema.

Kwa Selemani na Suleiman, kiapo cha kwa wakili kinatosha. Mimi kwangu Mohamedi na Muhamed kilitosha.

#13 Dada wa Ligula
Kwako kilitosha Uhamiaji. Ubalozini je? Huyo niliyekaa naye kiapo alikuwa nacho.

#14 Mwalimu Ndanda
Mko sahihi wote wawili. Kiapo kinaeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Hakibadilishi jina popote. Ukitaka jina libadilike kisheria kuna hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, lakini hiyo ina gharama na muda. Kwa tofauti ndogo ya jina la baba, mimi ningeanza NIDA kuomba marekebisho ili kisome kama cheti cha kuzaliwa, kisha pasipoti ifuate. Pasipoti ikishatoka na kosa, kosa limekuwa kubwa. Na kila hati ya Kiswahili itafsiriwe Kiingereza au Kijerumani.

#15 Mkanaledi Stendi
NIDA marekebisho yanaweza kula miezi, mwalimu. Mwezi wa tisa atakuwa bado anafuatilia. Mimi nasema kiapo.

#16 Mwana wa Mtama
Na picha jamani, watu wanarudishwa kwa picha. Hizi za rangi ya bluu nyuma, za pasipoti saizi tunazopiga mtaani, hapana. Wanataka milimita 35 kwa 45, nyuma kweupe au kijivu hafifu, uso uchukue sehemu kubwa ya picha. Dada kama unavaa hijabu usivue, inaruhusiwa kwa sababu za dini, ila uso uonekane wote kuanzia kidevuni mpaka kwenye paji.

Alama za vidole unatoa mwenyewe, hutumi mtu. Ina maana Dar lazima uende. Kilomita zaidi ya mia tano na hamsini, na msisahau mwaka 2024 mvua na kile kimbunga Hidaya vilivyokata barabara kule Somanga. Usipande basi la siku moja kabla ya miadi. Nenda siku mbili kabla ulale kwa ndugu.

#17 Kaka wa Chikongola
Mwana wa Mtama leo umekuja na akili zote, hongera. Nakumbuka mwenzetu ulivyochelewa harusi ya dada yako ukisema barabara.

#18 Mwana wa Mtama
Barabara ilikuwa imekatika kweli, kaka! Muulize Fundi Salfa, tulikwama naye.

#19 Fundi Salfa
Ni kweli, tulikula korosho za watu kwenye gari mpaka zikaisha.

#20 Mzee wa Mchinga
Nimefuatilia uzi huu tangu asubuhi kwa sababu ya neno moja, Tendaguru. Mimi natokea Mchinga. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa waliobeba ile mifupa. Alikuwa anasema walibeba kutoka kilimani mpaka bandari ya Lindi, siku nne njiani, mzigo umefungwa kwa majani na udongo, mwingine wa kichwani, mwingine wa mtini watu wawili au zaidi. Alikuwa na kovu begani, tulipokuwa wadogo tunaligusa. Binti, unaenda kuona kitu ambacho babu yangu alikibeba bila kujua ni nini.

#21 Kaka wa Chikongola
Shikamoo mzee. Nilisoma kwamba walichukua tani mia tano mwaka 1937.

#22 Mwalimu Ndanda
Shikamoo mzee wetu. Kaka wa Chikongola, nikusahihishe. Uchimbaji wa Wajerumani ulikuwa kati ya 1909 na 1913, na mzigo unakadiriwa kufika tani 250 hivi. Mwaka 1937 ndipo yule mkubwa aliposimamishwa Berlin. Ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Baadaye Waingereza nao walichimba, 1924 mpaka 1931, hiyo ikaenda London.

Mleta uzi, ukiwa unasoma historia tafuta jina la Boheti bin Amrani. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi upande wa wenyeji, mikono yake ilitoa mifupa mingi kwenye udongo. Mwaka 2007 kuna mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Miaka karibu mia ilipita kabla ya hapo.

#23 Mpiga Ngalawa
Irudishwe nyumbani tu. Watoto wetu wakope hela kwenda kuona mali ya Lindi?

#24 Mkanaledi Stendi
Irudi ikae wapi, mkuu? Mfupa wa miaka milioni 150 unataka jumba, umeme usiokatika na wataalamu. Kwanza tuwasomeshe akina Binti Nanyamba.

#25 Mpiga Ngalawa
Hata picha na maandishi ya Kiswahili pale Tendaguru yangeanza. Sasa hivi ukifika ni pori.

#26 Mzee wa Mchinga
Mimi ningependa irudi. Lakini ningependa kwanza majina yarudi. Watu mamia walifanya kazi pale na wengi hawajulikani walikuwa nani.

#27 Mwana wa Mtama
Turudi kwenye mada wakuu, binti ana tarehe 30.

Vitu vidogo. Soketi za Ujerumani ni za pini mbili za mviringo, hizi zetu za pini tatu bapa haziingii, nunua adapta Dar. Mwezi wa tisa kule baridi ya asubuhi inaweza kushuka mpaka nyuzi kumi, sweta moja zito na viatu vya kufunika vinatosha, usinunue koti la laki mbili. Zawadi: usibebe nyama wala maziwa, havikubaliwi kuingia Ulaya.

#28 Dada wa Ligula
Na ming'oko, ile mizizi yetu ya porini?

#29 Mwana wa Mtama
Ming'oko mibichi inahitaji cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi na nanasi ndiyo havihitaji. Korosho zilizokaangwa bebeni. Na kinyago cha mpingo kidogo kiwe kimekamilika kuchongwa. Mpingo uko kwenye orodha ya miti inayolindwa kimataifa, ila vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo kumi vinasamehewa.

#30 Bibi Karani
Nimefanya kazi za ofisi muda mrefu, nimechelewa kuuona uzi huu. Mimi sababu ya wale watatu naiona kwingine. Ulizeni pasipoti zao zilitoka lini. Kundi likipeleka maombi pamoja mapema, faili linasomeka kama kundi: barua moja, ratiba moja, mwenyeji mmoja. Wanaobaki nyuma wanapeleka peke yao, na ratiba yao inaonekana kama ya mtu binafsi.

Halafu kuna hati moja hamjaitaja. Mwenyeji Ujerumani anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake akasaini hati ya wajibu, kwamba yeye ndiye atakayebeba gharama za mgeni, hata za matibabu. Ukiwa na hiyo, akaunti yako yenye elfu nane haisumbui sana. Muulize mratibu kama wenyeji watasaini.

#31 Shangani Mashariki
Bibi Karani umenifumbua macho hapo, hiyo hati sikuijua. Na mtu akinyimwa si anaandika barua ya kukata rufaa palepale ubalozini?

#32 Bibi Karani
Ilikuwa hivyo kwa Ujerumani. Tangu Julai 2025 wameifuta njia hiyo kwa balozi zao zote. Siku hizi unaomba upya ukiwa umerekebisha kasoro, au unakwenda mahakamani Berlin, jambo ambalo mwanafunzi wa Mtwara haliwezi. Kwa hiyo faili la kwanza ndilo faili.

#33 Binti Nanyamba
Wakuu, mrejesho.

Nimempata mmoja wa wale watatu. Karatasi anayo, ameihifadhi kwenye Biblia. Ina alama mbili: madhumuni na mazingira ya safari hayakuthibitishwa vya kutosha, na wana shaka kama angeondoka kabla viza haijaisha. Sehemu ya hela haina alama. Lakini mwenyewe anasema pia akaunti yake ilikuwa na milioni mbili zilizoingia wiki ileile, na pasipoti yake ilichelewa, akaenda Dar peke yake wiki tatu kabla ya safari.

#34 Mpiga Ngalawa
Si nilisema? Kurudi.

#35 Bibi Karani
Alikwenda peke yake, amechelewa. Ndiyo nilichosema.

#36 Shangani Mashariki
Na milioni mbili za wiki ileile mnazipeleka wapi? Shaka hiyo ilitoka hapo, hata kama alama haikuwekwa kwenye hela.

#37 Dada wa Ligula
Na niliyekaa naye ni mwingine kabisa, kwa hiyo majina bado yapo mezani.

#38 Fundi Salfa
Mama umemwambiaje?

#39 Binti Nanyamba
Nilimpigia leo alfajiri kabla hajaenda shambani. Nikamwambia asichukue hela ya yule mtu. Alinyamaza muda, nikasikia anafagia. Akasema, "Basi kama nafasi yako itapotea usinilaumu." Nikamwambia sitamlaumu.

Nimekwenda kwa mratibu. Mchanganuo kweli una ada ya viza, amesema ataulizia. Amesema pia naweza kulipa laki sita sasa na iliyobaki baada ya viza kutoka. Laki sita ninayo karibu, nimeweka kutoka kwenye bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) na shangazi ananipa za kikoba chake. Ila amesema kwa mdomo tu.

#40 Mwalimu Ndanda
Hongera kwa kuuliza. Mwombe aandike. Hata mistari miwili yenye muhuri: umelipa kiasi gani, kilichobaki kinalipwa lini, na viza ikikataliwa laki sita inakuwaje. Akikataa kuandika, rudi hapa kabla hujalipa.

#41 Mkanaledi Stendi
Jumatatu nitakuwa mitaa ya Uhamiaji, nikusaidie kujaza fomu. Njoo na kiapo.

#42 Dada wa Ligula
Aanze NIDA kwanza, Mkanaledi. Kiapo kiwe cha akiba.

#43 Binti Nanyamba
Nitapita NIDA saa mbili, halafu Uhamiaji. Nashukuru wote.

Mzee wa Mchinga, nina swali kwako. Babu aliitwa nani? Mratibu amesema kutakuwa na siku moja ya kuona nyaraka za zamani za uchimbaji. Sijui kama kuna orodha ya wabebaji, ila kama ipo nitaisoma yote.

#44 Mzee wa Mchinga
Nimekuandikia inboksi, mwanangu. Nimeandika jina lake kwa namna tatu, maana Wajerumani hatujui walisikiaje.